Jina ni Amana

Mtoto anayezaliwa pwani hungojewa hadi siku ya saba. Hunyolewa nywele, hufanyiwa akika kwa mwenye uwezo, na jina lake hutajwa mbele ya jamaa. Kabla ya siku hiyo wazee huwa wamekwisha kukaa na kupima: ni jina la nani, na mwenye jina hilo aliishi vipi na watu. Haiwi mtoto akapewa jina la mtu aliyeidhulumu nyumba yake. Washairi nao wanalijua jambo hili kwa namna yao. Malenga anayefika kaditama akalitia jina lake katika ubeti wa mwisho hapambi shairi. Anatoa ushahidi kwamba maneno ni yake, na kama kuna lawama, nayo ni yake. Jina, basi, ni amana. Mtu hukabidhiwa alichunge, na waliomkabidhi wana haki ya kuuliza limechungwaje.

Maradhi nayo hupewa majina, na tangu zamani utabibu wa Ulaya umekuwa na ada ya kuyaita kwa majina ya madaktari walioyaeleza mwanzo. Ada hiyo ni namna ya heshima: daktari hufa, jina lake likabaki vinywani mwa wanafunzi na wagonjwa. Lakini daktari akiifanyia hiana amana hiyo, je, wagonjwa waendelee kumtaja? Swali hili si la kubuni. Liliulizwa kwa miaka mingi juu ya maradhi ya watoto yanayotokana na kasoro ya kimeng'enya kimoja, na kimeng'enya hichohicho ndicho kilichokuja kusaidia kupatikana kwa jibu.

Ndani ya kila seli ya mwili wa binadamu mna kitu kiitwacho koenzaimu A. Kazi yake ni kazi ya hamali wa bandarini. Chakula kinapovunjwavunjwa, iwe ni wanga, mafuta au protini, hubaki vipande vidogo ambavyo haviwezi kwenda vyenyewe mahali vinapohitajiwa. Koenzaimu A huvibeba. Vingine huvipeleka vikachomwe ili seli ipate nguvu. Vingine huenda kujenga mafuta ya mwili. Vingine hutumika kutengeneza kemikali ambayo kwayo mshipa wa fahamu huuamrisha msuli ujikunje. Hamali huyu akikosekana, moyo haupigi na jicho halifumbuki.

Mwili humtengeneza hamali huyu kwa hatua tano, na malighafi yake ni vitamini B5, iitwayo pia asidi ya pantotheni. Jina hilo alilitoa mkemia Mmarekani Roger J. Williams mwaka 1933, akilichukua katika neno la Kiyunani lenye maana ya "kutoka kila upande", kwa kuwa kila alikotazama, katika mimea na katika wanyama, aliikuta. Hatua ya kwanza kati ya hizo tano ndiyo inayoamua kasi ya zote. Inafanywa na kimeng'enya kinachoitwa kinasi ya pantotheneti. Kimeng'enya hiki huchukua chembe ya fosfeti na kuifunga kwenye vitamini. Tendo ni dogo, ila baada yake vitamini ambayo ingeweza kuingia na kutoka haiwezi tena kuiacha seli. Imekuwa kama mashua iliyokwisha kutiwa nanga. Koenzaimu A inapokuwa nyingi, yenyewe hurudi ikakizuia kimeng'enya kisifanye kazi kupita kiasi. Mwili una kipimo katika mambo yake.

Kimeng'enya hiki kina namna zaidi ya moja, na namna moja, ambayo jeni yake huitwa PANK2, hufanya kazi ndani ya mitokondria, yaani mahali seli inapozalisha nguvu zake. Mtoto akirithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, maradhi hutokea. Wazazi wenyewe huwa wazima, hawana habari ya walichokibeba. Hukadiriwa kwamba wenye maradhi haya ni kati ya 1 na 3 katika kila watu milioni. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 6. Mtoto aliyekuwa akikimbia na wenzake huanza kujikwaa. Viungo hukakamaa na kupindika bila ya yeye kutaka. Ulimi huwa mzito. Wengine nuru ya macho hupungua. Ndani kabisa ya ubongo, mahali panaporatibu mwendo wa viungo, chuma hujikusanya. Picha zinazopigwa kwa mashine ya sumaku huonyesha hapo doa jeupe lililozungukwa na weusi, na madaktari wameliita jicho la simbamarara.

Walioyaeleza maradhi haya kwa mara ya kwanza, mwaka 1922, walikuwa madaktari wawili wa Kijerumani, Julius Hallervorden na Hugo Spatz. Waliandika habari za ndugu wa kike 5 wa familia moja, ambao usemi na akili zao zilififia kadiri miaka ilivyokwenda, na baada ya kufa kwao ubongo ulionekana kuwa na rangi ya kutu mahali palepale. Kazi ilikuwa nzuri. Walitazama kwa makini, wakaandika walichokiona, na walichokiandika kilikuwa kweli. Wenzao wakawaheshimu kwa kuyaita maradhi hayo kwa majina yao, na kwa karibu miaka 80 yakaitwa hivyo duniani kote.

Mwaka 1937 Spatz alifanywa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa ubongo ya Jumuiya ya Kaiser Wilhelm, huko Buch, Berlin. Mwaka uliofuata Hallervorden aliongoza idara katika taasisi hiyo. Wakati huo Wanazi walikuwa wanaitawala Ujerumani. Agosti 1939 ilitoka amri kwamba madaktari na wakunga watoe habari za kila mtoto mdogo aliyezaliwa na kilema au kupooza. Baadaye zikapelekwa fomu katika hospitali za wagonjwa wa akili na makao ya walemavu. Fomu zikijazwa, zilisomwa na madaktari ambao hawakuwahi kumwona mgonjwa. Alama ya kujumlisha kwa rangi nyekundu ilikuwa na maana ya kufa. Alama ya kutoa kwa rangi ya buluu ilikuwa na maana ya kuachwa hai. Kutoka mwanzo wa 1940 hadi Agosti 1941, watu wapatao 70,000 waliuawa kwa gesi katika vituo 6, na mauaji ya kuwanyima chakula na kuwapa dawa za sumu yakaendelea hadi mwisho wa vita.

Hallervorden hakuzijaza fomu hizo. Alichokifanya ni kupokea. Ubongo wa waliouawa, wakiwamo watoto waliochukuliwa katika hospitali ya Brandenburg-Görden, ulipelekwa kwake, na hesabu yake ilikaribia 700. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Leo Alexander, alimhoji. Kwa mujibu wa ripoti ya Alexander, Hallervorden alieleza kwamba alipopata habari ya mauaji alikwenda kwa wahusika akawaambia kuwa, maadamu wanawaua watu wote hao, basi japo wautoe ubongo ili elimu ifaidike. Zilikotoka na zilivyofika, alisema, hayo hayakumhusu.

Hakushtakiwa. Taasisi ilihamishwa kutoka Berlin, ikaingia chini ya Jumuiya ya Max Planck iliyoirithi ile ya Kaiser Wilhelm, na yeye akaendelea kuandika makala za kitaalamu kutokana na akiba hiyo. Alifariki mwaka 1965, na Spatz, ambaye hayo yote yalitendeka chini ya paa lake, akafariki mwaka 1969.

Habari hii ina upande mwingine ambao si vyema kuuacha. Koenzaimu A iligunduliwa na Fritz Lipmann, Myahudi aliyezaliwa Königsberg, Ujerumani, mwaka 1899. Katika ujana wake alifanya kazi Dahlem, Berlin, katika taasisi nyingine ya Jumuiya hiyohiyo ya Kaiser Wilhelm. Mwaka 1932, hali ya Wayahudi ilipokuwa ikizidi kuwa mbaya, alikwenda Copenhagen. Mwaka 1939 akavuka bahari kwenda Marekani. Huko Boston, katikati ya miaka ya 1940, akiyachunguza maini ya njiwa, ndipo alipoiona koenzaimu hii. Hakuipa jina lake. Aliiita A, kwa kuwa inaiamsha aseteti ikawa tayari kwa kazi. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Hans Krebs, naye ni Myahudi aliyefukuzwa kazi Ujerumani mwaka 1933. Mwaka huohuo wa 1953 ulifanyika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa mishipa ya fahamu mjini Lisbon, na madaktari wa Uholanzi, ambao nchi yao ilikuwa imekaliwa na Wanazi, wakapinga Hallervorden asihudhurie. Hakuhudhuria. Jina lake, hata hivyo, lilibaki vitabuni.

Hoja ya kwanza ya wale waliotaka jina libaki si hoja nyepesi. Wanasema: kilichoheshimiwa ni kazi ya 1922, na mkono ulioandika mwaka huo haukuwa bado umeshika ubongo wa aliyeuawa. Ukweli hauna dini wala chama. Mwizi akisema jua limechomoza, jua limechomoza. Kwa nini kosa la mwaka 1940 lirudi nyuma kulifuta jema la mwaka 1922?

Lakini hoja hii inachanganya vitu viwili. Ukweli ni kitu kimoja na heshima ni kitu kingine. Rangi ya kutu waliyoiona katika ubongo wa wale ndugu watano ilikuwapo, na itaendelea kusomwa. Hakuna anayedai ifutwe. Jina si sehemu ya ukweli huo. Jina ni zawadi ambayo watu walimpa mtu, na zawadi ya heshima hutolewa kwa sharti, hata kama sharti lenyewe halikuandikwa. Kadhi anayekula rushwa akiwa mzee huondolewa kitini, ijapokuwa hukumu zake za ujanani zilikuwa za haki, na hukumu hizo hubaki zimesimama. Kilichoondolewa ni cheo. Vivyo hivyo, kuliondoa jina hakuondoi elimu hata chembe.

Hoja ya pili inauma zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema kulifuta jina ni kulifuta kosa. Mwanafunzi wa udaktari akilikuta jina hilo kitabuni huenda akauliza huyu alikuwa nani, na akiuliza atajua kwamba wauaji wale walikuwa na madaktari, na madaktari hao walikuwa na shahada. Likiondolewa, nani atauliza? Aliyechafua atakuwa amesafishwa bure.

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama historia ingeiunga mkono. Jina lilitumika miaka yote hiyo, na wengi mno walilitamka bila kuuliza lolote. Liliandikwa katika mitihani na kutajwa mahospitalini, na ile akiba ya Frankfurt ilikaa imetulia kabatini hadi mwanahistoria Götz Aly alipoichunguza katika miaka ya 1980. Jina la heshima halikumbushi dhambi. Kazi yake ni kuifunika, kama zulia zuri lifunikavyo sakafu iliyopasuka. Mahali pa kumkumbukia Hallervorden ni katika vitabu vya historia na katika madarasa ya maadili ya utabibu, na huko ni wajibu jina lake litajwe kwa ukamilifu na bila kificho. Cheti cha mtoto mgonjwa si mahali pake.

Hoja ya tatu ni ya watu wa hadhari. Wanasema hakuna mwanadamu asiye na doa, na kama kila jina litapimwa, hakuna litakalobaki. Ni kweli kwamba aliye safi kabisa haonekani. Hata hivyo, kipimo kinachohitajika hapa si usafi. Kipimo ni uhusiano wa tendo na kitu kilichopewa jina. Tabibu aliyekuwa bahili, au mlevi, au mkali kwa mkewe, atahukumiwa kwa hayo kwingine. Huyu kosa lake lilihusu watu walewale waliobebeshwa jina lake. Mtoto mwenye viungo vilivyokakamaa na ulimi mzito, kama angekuwa hospitalini Ujerumani mwaka 1940, alikuwa miongoni mwa wale ambao fomu zao zilijazwa. Alama nyekundu ingeweza kuwa yake. Ubongo wake ungeweza kufika katika meza ileile, na ungefurahiwa, kwani alikuwa na maradhi ya nadra. Kumtaka mtoto huyo leo ajitambulishe kwa jina la aliyeketi mezani hapo ni kumtaka abebe jina la mtu ambaye angenufaika kwa kifo chake. Mzazi wake anapoulizwa mtoto anaumwa nini, kila jibu lake lingekuwa heshima kwa mtu huyo. Hapo ndipo uzito wote ulipo, na hoja za wasomi, kwa uzuri wake, haziuondoi.

Basi jina lingine lilihitajika, na kwa muda mrefu halikupatikana, kwa kuwa hakuna aliyejua maradhi haya ni nini hasa. Mwaka 2001 kikundi cha watafiti nchini Marekani, akiwamo Susan Hayflick, mtaalamu wa urithi wa maumbile katika jimbo la Oregon, kilichapisha ugunduzi wa jeni ya PANK2 na kuonyesha kwamba kasoro yake ndiyo chanzo. Ghafla maradhi yakawa na jina lake la haki: uharibifu wa ubongo unaotokana na kasoro ya kinasi ya pantotheneti, au kwa herufi za Kiingereza, PKAN. Watafiti wakaanza kulitumia. Chama cha familia za wagonjwa huko Marekani, ambacho nacho kilikuwa kimebeba majina ya madaktari wale wawili, kikabadili jina lake pia.

Mpenzi wa lugha huenda akanung'unika. Herufi nne hazina mizani wala kina. Hazimlizi mtu wala hazimbembelezi. Baridi hiyo, hata hivyo, ina adabu yake. Jina la zamani lilisema nani wa kusifiwa. Jina jipya linasema nini kimeharibika, na kwa kusema hivyo linaonyesha dawa itafutwe wapi. Limewaongoza watu kutengeneza dawa ya kuiruka hatua ya kwanza iliyokwama, ili seli ipewe kile ambacho kimeng'enya kimeshindwa kukitoa. Jaribio moja kubwa la dawa ya namna hiyo halikufaulu mwaka 2019, na utafutaji unaendelea kwa njia nyingine. Jina sahihi halimponyi mgonjwa. Humwelekeza mponyaji mlango wa kugonga. Na ndani ya herufi hizo kavu limejificha lile neno la Kiyunani, kutoka kila upande, ambalo halikumtukuza mtu yeyote.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na deni likahesabiwa limelipwa. Lakini amana iliyofanyiwa hiana ina pande mbili. Kumnyang'anya jina asiyelistahili ni upande mmoja. Upande wa pili ni wale walionyang'anywa majina yao. Watu wapatao 700 walifika Berlin wakiwa namba katika daftari na vipande vyembamba baina ya vioo. Walikuwa na majina kabla ya hapo. Kila mmoja aliwahi kuitwa na mamaye jioni arudi ndani.

Mwaka 1990 Jumuiya ya Max Planck ilizika mabaki hayo katika makaburi ya Waldfriedhof mjini Munich, ikaweka jiwe la ukumbusho. Yalizikwa kwa pamoja, na jiwe halikutaja jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2001, mwaka uleule wa ugunduzi wa jeni, rais wa Jumuiya hiyo, Hubert Markl, aliwaomba radhi hadharani manusura wa majaribio ya Wanazi kwa makosa ya wanasayansi waliotangulia. Baadaye ikabainika kwamba bado kulikuwa na vipande vingine vilivyosalia katika akiba za taasisi zake. Mwaka 2017 ukaanzishwa utafiti wa kuzifuatilia namba moja baada ya nyingine, kuzioanisha na mafaili ya hospitali, na kuutambua kila mwili ulikuwa wa nani.

Kazi hiyo haina tuzo kubwa. Ni kazi ya kukaa na makaratasi ya zamani, kulinganisha tarehe ya kifo na tarehe ya kupokewa kwa kifurushi, hadi namba igeuke kuwa mtu mwenye jina, mji wa kuzaliwa na umri aliouawa nao. Kila jina linalopatikana huandikwa. Baadhi yao walikuwa watoto ambao hawakuwa wamejifunza bado kuliandika wenyewe.